Patriots au Giants wa 2007: uanze na msimu upi?

Swali hili huniijia kila mwaka Januari inapokaribia kwisha. Anayeuliza ni mtu aliyekulia kwenye soka, Simba na Yanga au Gor na Ingwe zimo damuni, na sasa amejikuta macho saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Fainali ya futiboli ya Kimarekani iko kwenye runinga na haelewi kwa nini watu wanapiga kelele. Anaomba apewe msimu mmoja wa timu moja, autazame tangu mwanzo, mchezo umwingie akilini.

Mimi humpeleka 2007. Tatizo ni kwamba mwaka ule una misimu miwili inayostahili, wa New England Patriots na wa New York Giants, na yote miwili inaishia kwenye uwanja mmoja kule Glendale, Arizona, Februari 3, 2008. Patriots walifika pale wakiwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Giants walifika wakiwa wamepigwa mara sita. Matokeo sitayaficha, maana kila mtu anayajua: Giants 17, Patriots 14. Kuyajua hakukuharibii kitu. Utakachokitafuta ni namna ilivyowezekana, na hapo ndipo uchaguzi wa msimu unapokuwa na maana.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na kitu. Ikifaulu, inapewa manne mengine. Ikiufikisha mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni, alama 6, na teke la nyongeza huleta 1. Ikikwama kwa mbali inaweza kupiga teke katikati ya milingoti kwa alama 3. Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki. Mpira ukishafika mikononi mwake, ana kama sekunde tatu za kuona nani yuko wazi na kumrushia. Mbele yake wamesimama wanaume watano wanene wanaozuia, na mbele ya hao wapo wengine wanaotaka kuwapita wamlaze chini.

Shika hizo sekunde tatu. Msimu wa Patriots unaonyesha kinachotokea kwotabeki mkubwa anapopewa sekunde zake zote. Msimu wa Giants unaonyesha watu waliojifunza kumnyang'anya.

| | Patriots | Giants |
|---|---|---|
| Msimu wa kawaida | kushinda 16, kupoteza 0 | kushinda 10, kupoteza 6 |
| Alama walizofunga | 589 | 373 |
| Alama walizofungwa | 274 | 351 |
| Nyumbani | 8–0 | 3–5 |
| Ugenini | 8–0 | 7–1 |
| Mechi zote hadi fainali | 19 | 20 |

Mstari wa nyumbani na ugenini upande wa Giants ndio ninaoupenda kuliko yote. Timu inayopigwa mara tano mbele ya mashabiki wake na kupoteza mara moja tu ugenini ni kitu adimu katika mchezo wowote.

Ukiwachagua Patriots

Utaanza na usajili. Kabla ya msimu, kocha Bill Belichick alimchukua Randy Moss kutoka Oakland Raiders kwa bei ya nafasi moja tu ya raundi ya nne katika uteuzi wa wachezaji chipukizi. Moss alikuwa mpokeaji mrefu, mwenye mbio za ajabu, ambaye watu walishaanza kumwona kama amekwisha. Kutoka Miami akaja Wes Welker, mfupi, wa kuchomoka hapa na pale katikati ya msitu wa mabeki. Kwotabeki alikuwa Tom Brady, aliyekwisha kutwaa mataji matatu bila kuwahi kuwa na wapokeaji wa kiwango hicho.

Mechi nane za kwanza hakuna hata moja iliyoisha kwa tofauti ya chini ya alama 17. Dallas Cowboys, waliokuwa bado hawajapoteza, walitandikwa 48–27 nyumbani kwao. Washington walikula 52–7. Buffalo, baada ya wiki ya mapumziko, 56–10. Brady alimaliza msimu wa kawaida na pasi 50 za tachidauni, Moss akapokea 23 kati ya hizo, na namba ya Moss bado haijavunjwa. Zile alama 589 zilikuwa rekodi ya ligi hadi Denver Broncos walipofunga 606 mwaka 2013.

Kwa mtu wa soka anayependa mabao, huu ni msimu wa karamu. Faida yake kwa mgeni ni kwamba picha ni safi: unaona Moss anakimbia moja kwa moja kuelekea mwisho wa uwanja, mabeki wawili wanalazimika kumfuata, na nafasi waliyoiacha Welker anaingia. Ukirudia kuitazama hiyo mara kumi umeelewa nusu ya mashambulizi ya mchezo huu. Hakuna msimu mwingine ninaoujua unaofundisha jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Kuna doa, na ni haki ulijue kabla hujaanza kuwashangilia. Katika mechi ya kwanza dhidi ya New York Jets, Septemba 9, mtu wa Patriots alikamatwa akirekodi ishara za makocha wa Jets kinyume na sheria za ligi. Belichick alipigwa faini ya dola 500,000, klabu dola 250,000, na wakanyang'anywa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2008. Wapo wanaouona msimu mzima umechafuka kwa sababu hiyo. Mimi naona mechi 15 zilizofuata zilichezwa macho ya nchi nzima yakiwa juu yao, na bado walishinda zote.

Upungufu wa msimu huu kwa mwanafunzi ni kwamba hadi mechi ya tano au ya sita unakuwa umeshajua kitakachotokea. Uvumilie hadi Novemba. Ugenini kwa Indianapolis Colts, mabingwa watetezi, Patriots walikuwa nyuma kwa alama 10 katika robo ya mwisho wakashinda 24–20. Philadelphia Eagles, wakimtumia kwotabeki wa akiba, walipoteza kwa 31–28 tu. Kisha ikaja Baltimore, Jumatatu ya Desemba 3.

Hiyo ya Baltimore usiikose. Ravens walikuwa timu iliyomaliza msimu na ushindi mara tano tu, lakini usiku ule waliwashika Patriots shingoni. Zikiwa zimebaki dakika za lala salama, Ravens wakiongoza 24–20, Patriots walibakiwa na jaribio la nne na yadi moja ya kusogea. Wakazuiwa. Mechi ingeishia hapo, na rekodi nayo, kama si benchi la Ravens lenyewe kuomba muda wa mapumziko sekunde chache kabla ya mpira kuanza. Jaribio likarudiwa, Patriots wakapita, wakafunga, 27–24. Ravens walirusha pasi ya mwisho ndefu, ikadakwa, na aliyeidaka akaangushwa yadi chache kutoka mstarini. Ukiitazama mechi hiyo utaelewa kwamba 16–0 haikuwa ukuta mmoja bila nyufa. Ufa ulishaonekana: ukimsukuma Brady kutoka mbele, katikati, anakuwa binadamu.

Ukiwachagua Giants

Hapa mwanzo ni mbaya, na ndiyo sababu ni mzuri. Tiki Barber, mkimbiaji wao mkubwa, alikuwa amestaafu. Michael Strahan, nguzo ya safu ya mbele ya ulinzi, hakutokea kambini akifikiria kustaafu naye. Kocha Tom Coughlin alikuwa mtu mkali. Kwotabeki, Eli Manning, alikuwa akiishi chini ya kivuli cha kaka yake Peyton, aliyetoka tu kutwaa ubingwa na Colts. Kocha wa ulinzi, Steve Spagnuolo, alikuwa mgeni katika kazi hiyo. Wakapigwa 45–35 na Cowboys, kisha 35–13 na Green Bay Packers. Alama 80 ndani ya mechi mbili.

Mechi ya tatu, Washington, hadi mapumziko wako nyuma 17–3. Wakarudi wakaongoza 24–17, na dakika ya mwisho Washington wakawa yadi moja tu kutoka kusawazisha. Giants wakawazuia pale mstarini. Jumapili iliyofuata walimlaza kwotabeki wa Eagles mara 12, sawa na rekodi ya ligi. Osi Umenyiora peke yake alimlaza mara sita, akipita upande wa mzuiaji kijana aliyekuwa akianza mechi yake ya kwanza katika ligi. Mechi hiyo iliisha 16–3, na mtu aliyezoea kuhesabu mabao anaweza kuiona kavu. Mwambie aache kuutazama mpira na amtazame Umenyiora tu. Ataona hatua ya kwanza inavyoamua kila kitu.

Umenyiora alizaliwa London kwa wazazi wa Nigeria, na baada ya kustaafu ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuileta ligi hiyo Afrika, ikiwamo kambi ya kusaka vipaji iliyofanyika Nairobi mwaka 2023. Lakini katika kikosi hicho hicho kulikuwa na jina la karibu zaidi na sisi: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, ambaye baadaye akiwa Jaji Mkuu aliuawa mwaka 1972 katika utawala wa Idi Amin. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, na Giants walimchukua raundi ya kwanza mwaka 2006. Kwa 2007 alihamishiwa nyuma ya safu ya mbele, nafasi aliyokuwa akijifunza upya, na akavunjika mguu Novemba dhidi ya Detroit. Fainali aliiona kutoka pembeni. Kwangu mimi hilo linaupa msimu ule huzuni ambayo msimulizi wa Kimarekani hupita haraka.

Oktoba 28 walicheza Wembley dhidi ya Miami Dolphins, mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida kuchezwa nje ya Amerika Kaskazini. Mvua ilinyesha, nyasi zikachimbuka, Giants wakashinda 13–10 kwenye matope. Mashabiki wa Uingereza wana sababu ya kuikumbuka: wiki chache baadaye, kwenye uwanja huo huo uliolalamikiwa sana kwa ubovu, timu yao ya taifa ilifungwa na Croatia 3–2 ikakosa Euro 2008.

Kisha kuna Novemba 25. Minnesota Vikings waliwachapa 41–17 nyumbani, Manning pasi zake nne zikanyakuliwa na tatu zikarudishwa hadi tachidauni. Itazame, hata kama inauma. Asiyemwona Eli wa siku ile hatauelewa uzito wa Eli wa Februari.

Mechi iliyo katika misimu yote miwili

Desemba 29, mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, ratiba iliwakutanisha. Hakuna aliyekuwa na la kupoteza kwenye msimamo: Patriots walishamaliza wa kwanza, Giants walishajua watakwenda mtoano wakitokea nafasi ya tano. Kwa kawaida kocha angewapumzisha watu wake. Coughlin aliwaingiza wote. Giants waliongoza 28–16 katika robo ya tatu, kabla ya Brady kumrushia Moss pasi ya yadi 65 iliyovunja rekodi mbili kwa mpigo, ya Brady na ya Moss. Ikaisha 38–35 kwa Patriots.

Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya Desemba 30, na Kenya nzima ilikuwa na macho kwenye matokeo ya uchaguzi. Ni wachache kwetu walioiona mubashara. Kama kuna mechi moja utakayoitazama kwa marudio, iwe hii, kwa sababu ukiichagua timu yoyote kati ya hizi mbili, hapa ndipo zinapokutana. Kwa Patriots ni kilele. Kwa Giants ni usiku walipogundua kuwa hawa watu wanafikika.

Njia ya kwenda fainali

Hapa Giants wanashinda ulinganisho, wala hakuna mjadala. Patriots walipumzika raundi ya kwanza, kisha wakacheza mbili nyumbani: Jacksonville Jaguars 31–20, ambapo Brady alikamilisha pasi 26 kati ya 28, na San Diego Chargers 21–12, ambapo zake tatu zilinyakuliwa. Mechi njema, basi.

Giants walisafiri kila mara. Tampa Bay, 24–14. Dallas, waliokuwa wamewafunga mara mbili msimu huo huo, 21–17, mechi ikifungwa na pasi iliyonyakuliwa sekunde za mwisho. Halafu Green Bay, Januari 20, nyuzi 18 chini ya sifuri za selsiasi, upepo ukizidisha. Uso wa Coughlin ulikuwa mwekundu kama uliounguzwa. Mpiga mateke wao, Lawrence Tynes, alikosa mateke mawili katika robo ya mwisho, la pili likiwa lile la kumaliza mechi. Muda wa nyongeza, Corey Webster akanyakua pasi ya Brett Favre. Giants wakakwama tena, na Tynes akaingia uwanjani mwenyewe kupiga la yadi 47, refu kuliko yote mawili aliyokosa. Likapita. 23–20. Naijua picha hiyo kwa moyo, jinsi alivyogeuka na kukimbia moja kwa moja kuelekea vyumbani kujiokoa na baridi.

Fainali, kila upande na macho yake

Ukifika ukiwa umefuatana na Patriots, utaona kitu kimevunjika na utahangaika kutafuta ni kipi. Timu iliyokuwa ikifunga karibu alama 37 kwa mechi imepata 14. Brady, aliyelazwa mara 21 tu katika mechi 16, usiku mmoja amelazwa mara tano. Strahan, Umenyiora na Justin Tuck wanamfikia kabla Moss hajamaliza mbio zake. Katika robo ya tatu Belichick anaacha teke la mbali na kujaribu jaribio la nne akihitaji yadi 13. Linashindikana. Tofauti ya mwisho ilikuwa alama 3.

Ukifika ukiwa umefuatana na Giants, utakuwa unajua tayari kwa nini. Ni yale yale ya Eagles mwezi Septemba. Na Brady anapompata Moss dakika mbili na kitu kabla ya mwisho, 14–10, hutakata tamaa, maana umeshaiona Green Bay. Manning anaanza yadi 83 kutoka mstarini. Beki mmoja wa Patriots anagusa mpira ambao angeudaka mechi ingekwisha, unamponyoka. Mchezo unaofuata Manning anavutwa jezi na watu wawili, anachomoka, anaurusha juu katikati, na David Tyree, aliyepokea pasi nne tu msimu wote wa kawaida, anaudaka na kuubana kwenye kofia yake ngumu kwa mkono mmoja huku akianguka. Yadi 32. Zikiwa zimebaki sekunde 35, Plaxico Burress peke yake kwenye kona, tachidauni. Kwenye soka tunasema mpira unadunda. Ule hata kuduara hauduari.

Sasa chagua

Mechi moja huchukua kama saa tatu, kwa hiyo 19 au 20 hakuna mtu mwenye kazi na familia atakayezimaliza. Kama una jioni chache, au unatazama na watoto, au ulitoka kwenye soka kwa kupenda washambuliaji, chukua Patriots: Dallas ya Oktoba 14, Colts ya Novemba 4, Ravens ya Desemba 3, Giants ya Desemba 29, halafu fainali. Tano tu, na utakuwa umeona mashambulizi bora ambayo mchezo huu ulikuwa umewahi kuyatoa hadi wakati ule.

Kama ulikuwa ukicheza beki, au unataka kuelewa ligi yenyewe inavyokwenda, namna timu ya nafasi ya tano inavyoweza kubeba kombe, chukua Giants. Utahitaji saba: Washington, Eagles, Wembley, Vikings, ile ya Desemba 29, Green Bay, na fainali. Ni ndefu zaidi, baadhi ni mbaya kutazama, na kuna saa utajiuliza kwa nini nilikushauri.

Ushauri wangu ni Giants kwanza, hata kwa mpenda mabao. Aliyeanza na Patriots hutazama mikono ya Brady, na fainali inapofika anadhani ni bahati ya mpira uliobanwa kwenye kofia. Aliyeanza na Giants ameshazoea kuangalia pale mbele, wanaume wazito wanapogongana, na akirudi baadaye kwa Patriots atauona uzuri wa Brady na Moss mara mbili, kwa kuwa anajua ni nani waliokuwa wakiwanunulia zile sekunde tatu.

Basi usianze na mechi mbili za mwanzo walizopigwa. Anza Septemba 23, Washington, kipindi cha pili. Giants wako nyuma 17–3.